Kiungo wa Thika Anafikaje Mbali? Kweli na Uongo wa Maisha ya Soka

Jumamosi asubuhi viwanja vya Thika na Ruiru hujaa. Iwe ni Makongeni, Kiganjo, Kihunguro au Kimbo, utakuta vijana wakipasha misuli wakiwa na jezi za kila aina, na haikosekani ile ya milia ya samawati na nyeupe ya Argentina, namba 10 mgongoni. Mechi ikiisha, mazungumzo huishia pale pale: fulani ana uwezo mkubwa, mbona hafiki popote? Kila mtu ana jibu. Hana wakala. Umri umempita. Hafungi mabao. Hana wa kumshika mkono. Angehamia Nairobi mapema.

Baadhi ya majibu hayo ni kweli. Mengi si kweli, na uongo huo una bei. Wako wazazi wanaouza ng'ombe ili wamlipe mtu anayejiita wakala. Wako vijana wanaoacha shule kabla ya kumaliza sekondari. Wako makocha wa mtaani wanaolea mchezaji miaka sita, kisha akiuzwa wanabaki kushangilia mbele ya runinga bila kupata hata senti iliyokuwa haki yao.

Hebu tuyapime madai kumi yanayosikika sana katika miji hii miwili, hasa kuhusu viungo, wale wachezaji wa katikati wanaoshika mwendo wa mchezo. Mfano wetu wa karibu ni Francis Kahata, kiungo wa mguu wa kushoto aliyejulikana akiwa Thika United, akaenda KF Tirana ya Albania, akatwaa mataji na Gor Mahia, akasajiliwa na Simba ya Dar es Salaam. Pembeni yake tutawaweka Wakenya wengine pamoja na viungo wa Argentina, kwa kuwa safari za Waargentina hao zinafanana na za hapa kuliko tunavyodhani.

Dai la 1: Thika na Ruiru si mahali pa kukuzia mchezaji. Ukitaka kufika, hamia Nairobi.

SI KWELI.

Kwa miaka mingi Thika ilikuwa na timu yake katika Ligi Kuu ya Kenya, Thika United, iliyodhaminiwa na Brookside, kampuni ya maziwa yenye makao yake Ruiru. Kikosi cha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kilichokwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019 kilikuwa na wachezaji waliopitia Thika United, wakiwamo Kahata, kiungo mkabaji Dennis Odhiambo, na mshambuliaji Michael Olunga, aliyeichezea kwa mkopo mwaka 2014. Olunga ndiye aliyefunga mabao mawili Kenya ilipoichapa Tanzania 3-2 katika mashindano hayo.

Thika United ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2018, lakini miaka miwili baadaye Bidco United, timu ya kampuni nyingine yenye makao yake Thika, ikapanda Ligi Kuu. Isitoshe, kijana wa Ruiru yuko kwenye barabara ile ile inayopita Kasarani na Ruaraka. Halazimiki kuhama kwao ili aonekane. Anachohitaji ni timu iliyosajiliwa, inayocheza ligi yenye ratiba, marefa na matokeo yanayoandikwa.

Dai la 2: Kiungo asiyefunga mabao hatazamwi na skauti.

SI KWELI.

Dai hili limeharibu wachezaji wengi wazuri. Kijana anakaba vizuri, anapanga timu, lakini kwa sababu nyumbani wanamuuliza "umefunga ngapi?", anaanza kupiga mashuti kutoka kila mahali na kuacha nafasi yake wazi.

Mtazame Javier Mascherano. Aliichezea Argentina mechi 147 na kufunga mabao matatu tu. Katika miaka minane pale Barcelona alifunga bao moja, tena la penalti. Hakuna aliyemwona hafai. Kazi yake ilikuwa kuunyang'anya mpira, kuziba pengo kabla adui hajaliona, na kuutoa mpira kwa mwenzake akiwa amegeuka upande ulio salama.

Kwetu yuko Victor Wanyama. Wengi hukumbuka kichwa alichopiga mwaka 2012 Celtic ilipoifunga Barcelona 2-1. Lakini Southampton ilipomnunua mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, na kumfanya Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, ilikuwa inanunua kiungo mkabaji, mtu wa kuilinda safu ya ulinzi.

Anayemtathmini kiungo huangalia mambo ambayo mashabiki hawayahesabu. Je, hutazama pande zote kabla mpira haujamfikia? Mguso wake wa kwanza unampeleka mbele au unamrudisha kwenye presha? Timu ikipoteza mpira, anasimama wapi katika sekunde tatu za kwanza? Dakika ya 80 bado anaongea na wenzake? Kahata naye alipata jina kwa krosi na pasi za mguu wa kushoto zilizowafungulia wengine goli. Kocha anayetaka kumsaidia kiungo wake amhesabie mipira aliyoinyakua na pasi zilizovuka mstari wa adui, na amweleze mzazi maana ya hesabu hizo.

Dai la 3: Kipaji kikiwapo, milango hufunguka yenyewe.

SI KWELI.

Januari 2010 McDonald Mariga, kaka yake Wanyama, alikuwa Parma ya Italia, na Manchester City walimtaka. Kipaji hakikuwa na shaka. Kilichokwama ni kibali cha kazi cha Uingereza. Kanuni za wakati huo zilitaka nchi ya mchezaji iwe miongoni mwa timu 70 bora katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwamo. Mpango ukaporomoka. Mariga akaenda Inter Milan, na kabla msimu haujaisha klabu hiyo ilikuwa imetwaa ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Mambo yakamwendea vizuri, lakini somo halijabadilika. Tangu 2021 Uingereza hutumia mfumo wa pointi: mechi ulizochezea timu ya taifa na nafasi ya taifa lako, ubora wa ligi unayotoka, na dakika ulizocheza katika klabu yako. Kwa hiyo Harambee Stars inapofungwa kizembe, mlango wa kijana wa Ruiru nao unasogezwa mbali. Na kijana anayekaa benchi mwaka mzima katika timu yenye jina kubwa anapoteza dakika ambazo angezipata akianza kila wiki katika timu ndogo.

Dai la 4: Ukienda nje ukarudi, umeshindwa.

SI KWELI.

Kahata alikwenda Albania. Aliporudi Kenya na kuichezea Gor Mahia, mtaa ungeweza kusema amekwisha. Kilichofuata ndicho kipindi bora cha maisha yake ya soka. Gor ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2017, 2018 na tena msimu wa 2018/19, na katika msimu huo wa mwisho ikafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2019 Simba ikamchukua, na msimu uliofuata ikawa bingwa wa Tanzania. Mtu aliyerudi nyumbani alisafiri tena, safari hii akiwa na thamani kubwa zaidi.

Waargentina wanalijua hili vizuri. Juan Román Riquelme alirudi Boca Juniors mwaka 2007 kwa mkopo akitoka Villarreal, akaiongoza kutwaa Copa Libertadores, ubingwa wa klabu za Amerika Kusini, na kufunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya Grêmio. Juan Sebastián Verón, baada ya miaka mingi Italia na Uingereza, alirudi Estudiantes mwaka 2006. Akiwa nahodha mwenye miaka 34, alinyanyua kombe hilo hilo mwaka 2009. Mascherano mwenyewe alifika West Ham mwaka 2006 na kucheza mechi tano tu za ligi. Miezi michache baadaye alikuwa Liverpool, na Mei 2007 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Klabu isiyokufaa haimaanishi hufai. Mchezaji anayebaki nje bila kucheza kwa kuogopa maneno ya mtaa anajimaliza mwenyewe. Anayerudi akacheza kila wiki anajijenga upya.

Dai la 5: Ukifika miaka 23 bila kutoka nje, umri umekupita.

NUSU KWELI.

Upande ulio kweli ni huu: klabu nyingi za Ulaya hupendelea kumsajili kijana kwa sababu wanaweza kumkuza na kumuuza kwa bei ya juu. Enzo Fernández wa Argentina alikuwa na miaka 22 Chelsea ilipomnunua Januari 2023 kwa pauni milioni 106.8.

Lakini tazama alivyofika hapo. Alikulia River Plate tangu utotoni. Mwaka 2020, alipokosa nafasi katika kikosi cha kwanza, alipelekwa kwa mkopo Defensa y Justicia, klabu ndogo ya pembezoni mwa Buenos Aires. Huko alicheza, akashinda Copa Sudamericana, kombe la pili la klabu za Amerika Kusini, akarudi River akiwa mchezaji kamili. Julai 2022 akaenda Benfica, Desemba akawa bingwa wa dunia na mchezaji bora chipukizi wa Kombe la Dunia. Walioona ile miezi sita ya mwisho walisema ni bahati. Kabla yake ilikuwapo miaka zaidi ya kumi ya kazi, pamoja na mkopo ambao kijana mwenye kiburi angeukataa.

Upande usio kweli unaonekana kwa Kahata. Alizaliwa Novemba 1991 na alijiunga na Simba mwaka 2019, akiwa na miaka 27. Kiungo hutegemea sana kuusoma mchezo, na usomaji huo hukua kwa mechi nyingi. Mkimbiaji wa pembeni hupungukiwa kasi ikipungua. Kiungo anayejitunza, anayelala mapema na kutibu majeraha yake ipasavyo, anaweza kuwa bora akiwa na miaka 28 kuliko alivyokuwa na 21. Aliyekosa Ulaya akiwa na miaka 20 bado ana Tanzania, Zambia, Afrika Kusini na nchi za Ghuba mbele yake.

Dai la 6: Kukata miaka kwenye cheti kunasaidia.

SI KWELI, na ni hatari.

Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kuchunguza iwapo mchezaji amevuka umri huo. Aliyepunguza miaka anaweza kuondolewa na timu nzima ikaadhibiwa.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti ya kusafiria, vyeti vya shule na usajili wa Shirikisho la Soka Kenya, FKF, vyote vinapaswa kusema tarehe moja. Tarehe mbili tofauti zikikutana kwenye meza ya ubalozi, viza hukataliwa. Klabu iliyokuwa tayari kusajili inarudi nyuma, na hairudi tena. Mzazi akiona kocha anapendekeza cheti kipya, amwondoe mtoto wake katika timu hiyo. Umri wa kweli hauna mashaka popote unapokaguliwa.

Dai la 7: Wakala akipata viza, mtoto wa miaka 15 anaweza kusajiliwa Ulaya.

SI KWELI.

Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Kuna nafasi chache za kipekee, kwa mfano pale wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na soka. Nafasi ya vijana wa miaka 16 hadi 18 inahusu uhamisho kati ya nchi za Umoja wa Ulaya au Eneo la Kiuchumi la Ulaya, si kutoka Kenya. Kwa hiyo mtu anayemwahidi mzazi wa Githurai kwamba mwanawe wa miaka 15 atasaini Ureno mwezi ujao, ama hajui kanuni ama anajua na anataka pesa.

Mambo matatu yatamlinda mzazi. Kwanza, tangu 2023 wakala anapaswa kuwa na leseni ya FIFA inayopatikana kwa mtihani, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA. Muulize jina lake kamili, kisha litafute. Pili, wakala halali hulipwa kutokana na mkataba uliokwisha kusainiwa. Anayedai laki mbili za "majaribio" kabla ya barua yoyote ya klabu hafanyi kazi ya uwakala. Tatu, barua ya mwaliko huthibitishwa na klabu yenyewe. Chukua anwani kutoka tovuti ya klabu, usitumie nambari aliyokupa yeye. Wenye kipaji cha kweli huitwa na klabu, na klabu inayomtaka mtu hugharamia safari au husema wazi nani anagharamia nini.

Dai la 8: Timu ya mtaani haipati chochote mchezaji wake akiuzwa.

SI KWELI, ila wengi hawadai.

Hapa ndipo pesa nyingi za mitaa yetu zinapopotelea. FIFA ina malipo ya aina mbili kwa waliomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya malezi. Mchezaji anaposajiliwa na klabu ya nchi nyingine kama mchezaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza, au anapohama kimataifa kabla ya kumalizika mwaka anaotimiza miaka 23, kuna malipo kwa ajili ya malezi yake.

Ya pili ni mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Miaka minne ya kwanza, 12 hadi 15, kila mmoja huchukua asilimia 5 ya fungu hilo. Miaka minane inayofuata, kila mmoja huchukua asilimia 10.

Tupige hesabu. Tuseme kiungo aliyelelewa Kihunguro tangu miaka 12 hadi 18 anauzwa kutoka klabu ya nchi moja ya Ulaya kwenda ya nchi nyingine kwa shilingi milioni 100. Fungu la mshikamano ni milioni 5. Kwa miaka minne ya mwanzo timu ya Kihunguro inastahili 250,000 kwa kila mwaka, jumla milioni 1. Kwa miaka mitatu iliyofuata inastahili 500,000 kila mwaka, jumla milioni 1.5. Zote pamoja ni milioni 2.5, na akiuzwa tena malipo huja tena. Pesa hizo zinatosha kununua mipira, kulipa marefa na kuweka nyavu kwa miaka mingi.

Masharti ni mawili: timu iwe klabu iliyosajiliwa na FKF, na mchezaji awe amesajiliwa nayo katika miaka hiyo. Tangu Novemba 2022 FIFA hulipa kupitia ofisi yake maalumu ya malipo, ikifuata historia ya usajili ya mchezaji. Timu ambayo haikuandikwa haimo katika historia hiyo. Kocha mwenye vijana wa miaka 12 leo anapaswa kushughulikia usajili wao msimu huu, bila kungoja wawe maarufu.

Dai la 9: Shule na soka haziendi pamoja.

SI KWELI.

Olunga alisomea uhandisi katika Technical University of Kenya huku akipanda ngazi za soka. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya Japan, akiwa na mabao 28 kwa Kashiwa Reysol. Wanyama alipitia Kamukunji High School. Mashindano ya shule za sekondari yamekuwa kwa miongo mingi dirisha ambalo klabu za Kenya hutumia kuchungulia vijana. Anayeacha shule anajifungia dirisha hilo mwenyewe.

Kwa kiungo, shule ina faida nyingine. Nje ya nchi atasoma mkataba, ataongea na daktari wa timu, atapokea maagizo ya kocha katika lugha ngeni na kuyapitisha kwa wenzake katikati ya mchezo. Na siku goti likikataa, atakuwa na mahali pa kuanzia upya.

Dai la 10: Ligi ya nyumbani haina faida. Hakuna anayeweza kuishi kwa soka Kenya.

NUSU KWELI.

Shida zipo, na ni kubwa. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa katika udhamini wa soka ya Kenya mwaka 2019, klabu zikayumba na wachezaji wakakaa miezi bila mshahara. Mchezaji ajue haki yake: tangu 2018 kanuni za FIFA zinamruhusu aliyenyimwa mishahara ya miezi miwili kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na asipolipwa avunje mkataba kwa sababu halali. Haki hiyo hulindwa na karatasi. Mkataba usio na sahihi wala nakala hauwezi kumtetea mtu.

Lakini kusema ligi haina faida ni kufuta historia yote tuliyoipitia hapa. Simba ilimchukua Kahata kutoka Gor Mahia. Olunga alitoka Gor kwenda Sweden. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani pekee, kiungo Austin Odhiambo wa Gor Mahia alifunga bao lililoizamisha DR Congo hapo Kasarani, kisha akafunga tena dhidi ya Angola, na Kenya ikafika robo fainali. Walioangalia hawakuwa Wakenya peke yao.

Na faida hiyo si ya wavulana pekee. Thika Queens iliwahi kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake ya Kenya, jambo ambalo Thika United haikulifanya katika ligi ya wanaume. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya chini ya miaka 17 wakawa timu ya kwanza ya soka ya nchi hii kucheza Kombe la Dunia la FIFA, katika Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico 2-1. Msichana wa Ruiru mwenye macho ya kuuona uwanja mzima ana njia, na mzazi anayemzuia kwa kuwa ameambiwa soka ni ya wanaume anamnyima njia hiyo bure.

Basi tufanye nini?

Ukiyapanga madai haya kumi pamoja, utaona wanaoyasema hutazama juu tu: kwa skauti, kwa wakala, kwa Ulaya. Lakini wengi wa wachezaji tuliowataja walijengwa chini kwanza, na timu ya karibu na kwao, au klabu ndogo iliyowapa mechi walipozihitaji. River Plate ilikuwapo alipozaliwa Enzo, na ilikuwapo alipotoka mkopo. Thika United ilikuwapo Kahata alipohitaji mahali pa kuonekana. Kiungo wa miaka 14 anayecheza Makongeni leo hana hakika kwamba klabu aliyonayo itakuwapo akifika miaka 19, na hilo ndilo pengo lake kubwa kuliko ukosefu wa wakala.

Pengo hilo linazibika, na kazi ya kuliziba ni yetu. Kocha asajili timu na wachezaji wake, aweke daftari la mechi na tarehe. Mzazi atunze cheti cha kuzaliwa, aulize maswali kabla ya kutoa pesa, na amwache mtoto asome. Mchezaji achague timu itakayompa dakika badala ya ile itakayompa jina. Serikali ya Kaunti ya Kiambu ivitunze viwanja vya Thika na Ruiru viwe na nyasi, maji na vyoo mwaka mzima, na izilinde ardhi za viwanja vya mitaa kabla hazijageuka maghorofa. Kampuni zilizotajirika katika miji hii ziingie mikataba ya udhamini ya miaka mitano, siyo ya msimu mmoja.

Na sisi mashabiki, tunaolipa kwenye vibanda kila wikendi kutazama ligi ya Uingereza, tulipe pia kiingilio kutazama Bidco na timu za wanawake za hapa kwetu. Klabu yenye watu kwenye majukwaa hupata mdhamini, na yenye mdhamini hulipa mishahara. Kwenye klabu inayolipa mishahara, kijana anaweza kubaki akakomaa hadi siku atakayoitwa kwingine.